HSA yangu, macho ya mama na risiti za mkono wa Salim

Kila ikifika mwisho wa Oktoba, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka kwa Waswahili wenzangu wa hapa Minnesota, Marekani. Wengi wanafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee kama mimi, wengine kwenye maghala, wengine wanaendesha malori kama mume wangu. Ni msimu wa kuchagua bima. Kazini wanakupa wiki mbili tatu, wanakutumia kiungo cha kuingilia kwenye mfumo, na huko ndani unakuta mipango ambayo majina yake yote yanafanana. Swali ni lile lile kila mwaka, la HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya: "Dada, hapa wananiuliza habari ya HSA. Niweke pesa ama niruke?"

Mimi huwauliza kwanza: bima unayotaka kuchukua ina didaktibo ya kiasi gani, na mwenzako nyumbani ana nini kazini kwake? Bila majibu hayo mawili siwezi kumwambia mtu kitu.

Didaktibo ni kile kiasi ambacho unajilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kutia mkono mfukoni. HSA ilizaliwa na sheria ya mwaka 2003, na haifunguliwi na kila mtu. Lazima bima yako iwe ya didaktibo kubwa. Kwa mwaka 2025 serikali ilisema kubwa maana yake ni angalau dola 1,650 kwa mtu mmoja, au dola 3,300 kwa familia. Ukishaingia kwenye bima ya namna hiyo, unaruhusiwa kuweka pesa kwenye HSA mpaka kikomo cha mwaka: dola 4,300 kwa aliye peke yake na 8,550 kwa familia mwaka 2025, kisha 4,400 na 8,750 mwaka 2026. Aliyefika miaka 55 anaongezewa dola 1,000. Na kama mwajiri naye anakuwekea kitu, kama wangu anavyofanya, hicho nacho kinahesabiwa ndani ya kikomo hicho hicho.

Utamu wake nilianza kuuona kwenye hati ya mshahara. Pesa inayokwenda HSA kupitia kazini inatoka kabla ya kodi yoyote haijaguswa. Sisi nyumbani tuko kwenye daraja la asilimia 12 ya kodi ya taifa, jimbo la Minnesota linachukua asilimia 6.8, na makato ya Social Security (mafao ya uzeeni) pamoja na Medicare (bima ya wazee) ni asilimia 7.65. Jumla asilimia 26.45. Kwa hiyo nikiweka dola 100 HSA, mshahara unaoingia benki unapungua kama dola 73 na senti 55 tu. Zile nyingine zingekwenda kwa serikali. Ikikua humo ndani haikatwi kodi, na nikiitoa kwa matibabu haikatwi kodi pia. Jamaa zetu walioko California na New Jersey wapunguze furaha kidogo, kwa sababu majimbo hayo mawili hayaitambui HSA kwenye kodi yao ya jimbo.

Lakini nisiwafiche, hii ni bima ya mtu anayeweza kuhimili mwezi mbaya. Kule nyumbani Kenya, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, inakata asilimia 2.75 ya mshahara na pesa inaingia kwenye kapu la wote. HSA haina kapu la wote. Ni lako peke yako, na ukiugua Februari kabla hujaweka kitu, unakuta kapu tupu. Mama mmoja ninayefanya naye kazi ana kisukari na mumewe ana shinikizo la damu. Kila mwezi wao ni dawa na vipimo. Nilimwambia abaki kwenye bima ya gharama kubwa kidogo yenye didaktibo ndogo, hata kama binti wa ofisi ya wafanyakazi anaisifu HSA kama biriani ya harusi. Na mwenye kipato kidogo kinachomruhusu kuingia Medical Assistance au MinnesotaCare, bima za serikali za hapa, aende huko, hana haja ya hesabu zote hizi.

Kabla ya HSA tulikuwa na FSA, akaunti nyingine ya pesa za matibabu, kwa upande wa mume wangu, na watu wengi huzichanganya kwa sababu herufi zinakaribiana na kadi zenyewe zinafanana. FSA ni ya mwajiri. Unasema Novemba kwamba mwaka ujao nikateni dola kadhaa, na ukishasema hubadilishi mpaka mwaka uishe, isipokuwa likitokea jambo kubwa kama ndoa au kupata mtoto. Ina wema mmoja ambao HSA haina: kiasi chote cha mwaka unakipata tangu siku ya kwanza. Baba Salim aliahidi dola 1,200 mwaka 2022. Januari hiyo hiyo jino likamsumbua, akawekewa kofia ya jino na akachukua miwani mipya, wakati kazini walikuwa wamemkata mara moja tu. Angeacha kazi Februari, wasingemdai kilichobaki. HSA haikupi mkopo kama huo. Unatumia kilichomo na basi.

Ubaya wa FSA unakuja Desemba. Usichotumia kinaweza kupotea. Waajiri wengine wanaruhusu kiasi fulani kivuke mwaka, wengine wanakupa miezi miwili na nusu ya kumalizia, wengine hawakupi lolote. Wa Baba Salim alikuwa wa hawa wa mwisho. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya mwaka ule tulikuwa kwenye duka la dawa, theluji imefika kwenye magoti, tunasukuma kitoroli tukitafuta cha kununua. Tulichukua pedi, plasta, kipimajoto, dawa za maumivu na za homa za mtoto, na mafuta ya kujikinga na jua. Mafuta ya jua, sisi watu wa Mombasa, mwezi wa Desemba! Nikatupia na dawa ya meno na vitamini. Kwenye kaunta mashine ya duka ikachambua yenyewe: kadi ikalipia pedi, plasta, kipimajoto, dawa na yale mafuta, ikaacha dawa ya meno na vitamini zikinisubiri nitoe pesa yangu. Vitamini za kujijengea afya tu hazihesabiki kuwa matibabu, wala dawa ya meno. Dawa za dukani bila cheti cha daktari, pamoja na pedi, ziliingizwa na sheria ya wakati wa korona mwaka 2020. Wenyeji wa zamani wanakumbuka enzi ambapo hata kidonge cha kichwa kilihitaji karatasi ya daktari.

Kwa mwaka uliofuata kazini kwangu walileta bima ya didaktibo kubwa, nami nikataka HSA. Binti wa ofisi ya wafanyakazi akaniuliza jambo moja tu: "Mumeo ana FSA?" Hapo ndipo wengi wa kwetu hunasa, kwa sababu mke na mume wanachagua bima kila mmoja kwenye kompyuta ya kazini kwake, hakuna anayemwona mwenzake. FSA ya kawaida ya mume inaweza kulipia matibabu ya mke pia, hata kama mke hajawahi kuigusa. Kwa sheria, mke huyo anahesabika ana kinga nyingine, na hana ruhusa ya kuweka hata senti kwenye HSA. Kuna FSA ya aina nyingine, ya meno na macho tu, ambayo haigombani na HSA, lakini kwa mwajiri wa Baba Salim haikuwapo. Kwa hiyo yeye akaiacha ya kwake iishe na Desemba, na mimi nikafungua ya kwangu Januari 2023.

Naisisitiza hiyo Januari kwa sababu Aprili Salim alivunjika mkono shuleni, akining'inia kwenye vile vyuma vya uwanjani. Gharama iliyotokea kabla akaunti haijafunguliwa hailipiwi na HSA milele. Iliyotokea baadaye inalipiwa, hata kama siku hiyo akaunti ilikuwa na vijisenti. Mle ndani mlikuwa na kama dola 400.

Barua ya kwanza iliyokuja haikuwa bili, na juu yake wenyewe wameandika kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Nimewaona watu wakiilipa hiyo hiyo kwa hofu. Inatoka kwa kampuni ya bima na ya kwetu ilikuwa na safu nne. Ya kwanza, hospitali ilichodai: dola 4,870. Ya pili, bei ambayo hospitali na bima walishakubaliana: 2,310. Ya tatu, bima italipa: sifuri, kwa sababu didaktibo yetu ilikuwa bado haijaguswa. Ya nne ndiyo yako: 2,310. Hiyo karatasi unaiweka mezani na kusubiri bili yenyewe ije. Ya hospitali ikija, na ya daktari ikija baadaye kwenye bahasha yake, jumla yake isizidi ile safu ya nne. Ikizidi unapiga simu, unaomba bili yenye mchanganuo, kila huduma kwenye mstari wake. Zetu zililingana.

Nilitaka kuzimwaga zile 400 pale pale. Nesi mmoja wa zamu ya usiku, dada wa Kiliberia mwenye maneno machache, akaniambia nizuie mkono. Hospitali nyingi hapa zinakubali ulipe kidogo kidogo bila riba ukiwaomba. Basi lipa kwa mshahara wa kawaida, akasema, iache HSA ikue, na uhifadhi kila risiti. Hakuna tarehe ya mwisho ya kujirudishia. Risiti ya 2023 unaweza kuidai 2025, unaweza kuidai 2035, ili mradi gharama ilitokea baada ya akaunti kufunguliwa, haijalipwa na bima, na hujaiombea punguzo la kodi mahali pengine. Tukaomba malipo ya mwaka mmoja, tukayamaliza. Kila nilipolipa nilipiga picha uthibitisho, kwa sababu karatasi za mashine hufifia zikabaki nyeupe kama zilivyotoka kiwandani, kisha nikaandika kwenye jedwali: tarehe ya huduma, aliyetibiwa, aliyetibu, kazi iliyofanywa, kiasi, na kimelipwa kwa pesa gani.

Basi mwaka 2025 macho ya mama yakazidi. Mama yuko Kisauni, Mombasa, na mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha mahali ambapo anamtambua mtu kwa sauti. Kaka yangu akampeleka hospitali binafsi, wakaambiwa macho yote mawili, vipimo na lenzi, kama shilingi 190,000. Kwa bei ya dola ya wakati ule, karibu dola 1,500. Kwenye kundi la WhatsApp la familia mchango ukaanza, shangazi elfu mbili, binamu elfu tano, na kaka akanipigia pembeni.

"Dada, si ulisema una pesa za hospitali zimekaa huko? Sasa mchango wa nini?"

Swali la haki kabisa. Pesa zilikuwepo, zaidi ya dola 3,000 kufikia hapo. Kwetu mama ni mama, ugonjwa wake ni ugonjwa wako, na nani mwingine pesa ya matibabu ingemhusu kabla yake? Lakini HSA inalipia watu watatu tu: mwenye akaunti, mume au mke wake, na wale wanaomtegemea kwa mujibu wa sheria ya kodi. Na huyo mtegemezi ni lazima awe raia wa Marekani au mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. Unaweza kumlisha mama, kumlipia nyumba, kumtumia pesa kila mwezi kwa miaka kumi. Kama anaishi Kisauni na si raia wa huku, kwa IRS, watu wa kodi wa Marekani, huyo si mtegemezi wako. Mwenzangu wa kazini mwenye mama huko Guadalajara, Mexico, akitimiza masharti mengine, anaweza kumlipia. Mimi siwezi. Huruma ya kodi ya Marekani inavuka mpaka wa kusini, kisha inakoma Guatemala.

Wala kumleta kwa viza ya matembezi hakubadilishi kitu, miezi michache ya ugeni haimfanyi mtu mkaazi. Angekuwa na green card, anaishi kwetu, na sisi ndio tunabeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, hapo mlango ungefunguka. Hata watoto waliozaliwa hapa hapa wana mtego wao: bima ya mzazi inamfunika kijana mpaka miaka 26, lakini HSA inamlipia tu kama bado ni mtegemezi kwenye kodi. Kijana wa miaka 24 anayejitegemea na mshahara wake, bima ya mama anayo, HSA ya mama hana.

Usiku ule tulikaa na Baba Salim na kikokotoo. Nikitoa dola 1,500 na kumtumia mama moja kwa moja, hiyo si gharama halali ya HSA. Faini asilimia 20, dola 300. Kodi ya taifa asilimia 12, dola 180. Minnesota, dola 102. Dola 582 zinakwenda ili 1,500 zitoke. Faini hiyo huisha ukifika miaka 65, inabaki kodi tu, lakini macho ya mama hayangenisubiri nizeeke.

Ndipo nikaenda kwenye jedwali. Risiti za mkono wa Salim, dola 2,310, zote nimelipa kwa mshahara wangu, hakuna hata moja niliyoidai. Nikaingia kwenye akaunti ya HSA, nikachagua kujirudishia, nikaandika 1,500. Siku chache baadaye zilikuwa benki. Hizo hazina kodi wala faini, kwa sababu ni marejesho ya matibabu ya mwanangu, na zikishaingia benki ni pesa yangu kama mshahara mwingine wowote. Nikazituma Mombasa. Pale kwenye jedwali, mbele ya mistari ile, nikaandika zimedaiwa na tarehe yake, ili nisije nikaidai risiti moja mara mbili. Wakati wa kodi fomu namba 8889 inauliza umetoa kiasi gani na kiasi gani kilikuwa cha matibabu. Risiti zenyewe huzitumi, unazishika wakikuuliza.

Nilipomweleza kaka alicheka. "Kwa hiyo mkono wa Salim ndio umelipa macho ya bibi yake."

Kuna walioniambia huo ni ujanja. Sioni ujanja. Ile pesa nilikuwa nimeshaitoa mfukoni miaka miwili nyuma, na sheria inasema nairudisha nikitaka. Ningeimaliza HSA kwa haraka kulipia mkono, nisingekuwa na cha kurudisha wakati wa macho. Siwezi kumwambia kila mtu asubiri hivyo. Mwenye deni la kadi ya mkopo lenye riba ya asilimia 25 na risiti mkononi ajirudishie leo leo alipe deni. Lakini jedwali hilo kila mtu anaweza kulitengeneza, hata kwenye daftari la mtoto.

Nilikwenda kumwona mama baada ya upasuaji, na huko huko jino langu la nyuma likaamka. Nilifanyiwa matibabu ya mzizi mjini kwa bei ambayo Minneapolis isingenipa hata ziara ya kwanza. Mwili ukiwa ni wangu, haijalishi kiti cha daktari kiko nchi gani. Matibabu ya nje ya Marekani yanahesabika almuradi ni halali. Dawa nazo, zile zilizoandikwa na daktari na ukazinywea huko huko, zinaingia kama ni halali nchi zote mbili. Za kubeba kwenye sanduku kurudi nazo, hapana. Hata chanjo na vidonge vya malaria nilivyoandikiwa kabla ya safari vilitoka HSA.

Tatizo lilikuwa karatasi. Nililipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa M-Pesa unasema nimemlipa nani na kiasi gani, hausemi nimelipia nini. Nikamwomba yule dada wa mapokezi aniandikie risiti kamili. Akaniuliza ya nini, nikamwambia ni ya watu wa kodi wa Marekani. Akachukua karatasi yenye nembo ya kliniki, akaandika kwa mwandiko mzuri jina langu, tarehe, jino la ngapi, kazi iliyofanywa, shilingi ngapi. Kisha akapiga muhuri. Akaitazama, akapiga na wa pili pembeni. "Wamarekani wanapenda muhuri," akaniambia. Sikutaka kumvunja moyo. IRS haina habari na muhuri. Inataka yale matano aliyoandika kwa mkono. Niliipiga picha pale pale kaunta, nikaandika na bei ya dola ya siku hiyo, nikaiweka kwenye jedwali chini ya zile dola 810 za mkono wa Salim zilizobaki.